Kuta Zinazotoka Jasho

Tak. Alfajiri ilikuwa bado, swichi kuu iliyo juu ya mlango ikakata umeme, na mashine ya Burhani ya kuvutia dawa ya pumu ikanyamaza. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, miaka minne tu, kifua kimebana, mbavu zinazama kila anapovuta pumzi.

Mama yake, mjukuu wangu Muzdalifa, alipanda kiti akairudisha swichi. Tak. Ikakata tena.

"Ni waya wa ukutani, nyuma ya jiko," alisema. Anasomea umeme hapa Guangzhou, Uchina. "Joto la jiko limelikausha ganda lake miaka mingi, likapasuka. Sasa maji yameingia kwenye nyufa, umeme unavuja. Ila jana palikuwa pakavu. Unyevu huu umetoka wapi?"

Nikatazama kuta. Zilitoka jasho kama mtungi.

"Nilifungua madirisha jioni," nikasema. "Nyumba ilinuka uvundo, nikataka upepo upite."

"Bibi, huu si upepo wa Unguja. Huku mwezi wa tatu upepo wa kusini haukaushi, unaloanisha. Watu hufunga kila kitu."

Hakunikemea. Alinivuta mtandio ukanifunika mabega. Mumewe, Vuai, alikuwa ameshashuka Barabara ya Huanshi kutafuta teksi ya kutupeleka hospitali, na hakuwa amerudi. Midomo ya Burhani ikaingia rangi ya majivu. Nilisoma dua ya Ya Latifu mpaka ulimi ukakauka.

"Hatuwezi kungoja," nikasema.

Nikambeba mtoto, Muzdalifa akabeba mashine, tukagonga mlango wa jirani. Bibi Liang ni mzee wa rika langu. Tulikuwa tukiamkiana kwa kichwa tu. Alimtazama mtoto. Akachomoa runinga yake, akachomeka mashine. Kwake madirisha yalifungwa, kuta kavu. Mashine ikanguruma.

Alikaa sakafuni akamsugua Burhani nyayo zipate joto. Taratibu, mbavu zikaacha kuzama. Vuai alipofika na teksi, mtoto alikuwa na pumzi ya kulia.

Tulipoinuka, Bibi Liang alinishika buibui, akasema jambo macho yakiwa chini.

"Anasemaje?" nikamuuliza Muzdalifa.

"Anasema uje tena, Bibi, hata mtoto akipona. Hana wa kuzungumza naye."

"Mwambie lugha hatusikilizani."

Akamwambia. Bibi Liang akacheka kidogo, akanionyesha kiti kando ya chake.

"Hajali," Muzdalifa akasema. "Anasema uje tu."