Karatasi ya Pili

"Saini tuondoke. Dirisha la mahakama linafungwa saa kumi."

"Sisaini, Mama. Kwani umeisoma?"

"Nimeisoma kabla yako. Usinifanye mjinga."

Odessa alikuwa amesimama na mkoba begani, funguo za gari mkononi. Juu ya meza ya jikoni, mbele ya mwanawe, kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ombi la kufuta rekodi ya kukamatwa, na Tavon alishaisaini tangu asubuhi. Ya pili ndiyo iliyowagombanisha. Ilisema anaacha madai yote juu ya polisi waliomkamata, na hatawashtaki kamwe kwa lolote la siku ile. Sheria ya jimbo lao la Maryland, Marekani, haikuficha kitu: ukitaka rekodi isafishwe mapema, unasaini zote mbili. Hutaki, subiri miaka mitatu.

Ilikuwa miezi minane tangu siku hiyo. Tavon alikuwa ametoka kinyozi, poda bado shingoni, polisi wakamdhania mtu aliyevamia duka la simu. Walimlaza kifudifudi, wakamvunja mkono kifundoni. Siku mbili baadaye mwenye duka akamtazama na kusema si yeye. Mwendesha mashtaka akaifuta kesi. Odessa akamshukuru Mungu, akachemsha kaa wa baharini, akaita majirani. Tavon hakuhukumiwa, kwa hiyo hana rekodi. Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyoamini.

Kampuni nne za mabasi ya shule zilimpa Tavon kazi kwa tabasamu, zikachungulia rekodi, zikamwandikia barua ya kumkataa. Neno "unyang'anyi" lilikuwa juu kabisa. "Kesi imefutwa" yalikuwa chini, kwa herufi za sisimizi. Meneja wa kampuni ya tano, Bi Lucille, angalau alisema kweli: "Mimi nakuamini, mwanangu. Wazazi ndio hawataniamini mimi. Niletee rekodi safi kabla shule hazijafunguliwa, basi ni lako."

"Wakili amesema tukiwashtaki tutashinda," Tavon alisema.

"Wakili amesema labda. Tena baada ya miaka minne. Mtoto wako anazaliwa mwezi wa nane. Utamlisha labda?"

"Kwa hiyo niuze mkono wangu."

"Ungekuwa unauza, ungelipwa."

Tavon alicheka, kicheko kibaya. "Na si wewe uliyepiga zile picha? Ishirini na sita. Ukaapa watalipa hata kama utauza nyumba hii."

Odessa akavuta kiti, akakaa. Picha zilikuwa kwenye droo pale pale nyuma yake, mkono umevimba na kuwa zambarau kama biringani.

"Niliapa," alisema. "Sikujua watatubana kwa tumbo."

"Basi yaseme wewe waliyonitendea. Yote. Nikishasaini, hakuna hakimu atakayeyasikia."

"Tavon, saa inakwenda."

"Yaseme, Mama."

Akayasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, maana kwa sauti nyingine asingefika mwisho. "Hukukimbia. Uliinua mikono. Wakaupinda mmoja mpaka ukavunjika, wakakuweka ndani siku mbili bila daktari. Walikosea mtu. Mpaka leo hakuna aliyekuja kukuomba radhi."

Tavon akachukua kalamu. Vidole vya mkono wa kulia, ule uliovunjwa, vilikuwa havifumbi vizuri, na karatasi ikamteleza. Odessa akaibana mezani kwa kiganja chake, akaangalia pembeni, kalamu ikaanza kukwaruza.

Walifika mahakamani zimebaki dakika ishirini. Karani dirishani alikuwa binti mpole, akauliza kama alivyozoea kuuliza kila mtu:

"Umesaini kwa hiari yako?"

"Hiari ipi, dada?"

Odessa alimkanyaga mguu.

"Ndiyo," Tavon akasema. "Kwa hiari yangu."

Karani akagonga muhuri, mara mbili.