Namba Saba

Jumanne moja alasiri, mwaka wa 1996, katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Butere, Beldina, karani wa meneja, alikuwa akimenya ndizi mbivu wakati kazi ya valvu, programu ndogo ya kulinda boila, ilipotoka ndani ya kompyuta na kuketi kwenye benchi la wageni. Ilikuwa nyembamba, imevaa shati jeupe lililogeuzwa kola.

"Una miadi?" Beldina aliuliza bila kuinua macho.

"Kila milisekunde kumi, madam."

"Basi ngoja. Mkubwa anachapisha ripoti."

Kazi hiyo ilikuwa na wajibu mmoja tu. Kengele ya ndani ya kompyuta ikilia, iamke, itazame presha ya boila, na ikizidi ifungue valvu mvuke utoke. Ikichelewa, mvuke hujitafutia njia kwenye maungio ya bomba, na hapo ndipo Masinde, mwendesha boila, husimama. Mwezi wa tatu mvuke ulimbabua sikio.

Fundi Awinja alikuwa amepima ucheleweshaji huo kwa siku nne. Kengele yenyewe ilichelewa sehemu ya tano ya milisekunde, kosa ambalo hata kanisani hawaulizi. Lakini tangu kengele ilie mpaka kazi ianze, zilipita sekunde sita kila printa ilipokuwa ikinguruma. Kwenye orodha ya zamu, ripoti ya meneja ilikuwa namba moja, valvu namba saba. Aliyeipanga alilelewa vizuri: nani atangulie mbele ya mkubwa?

Awinja alipeleka karatasi zake kwa meneja.

"Mkubwa, tubadilishe namba hizi mbili tu. Masinde ataungua."

"Sekunde sita, Awinja? Mimi nangojanga simu ya Nairobi siku nzima. Umeona nikiungua?"

Meneja alichungulia mlangoni, akaiona kazi pale benchini. Kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, aliagiza iletewe chai na mto wa kukalia.

Saa tisa unusu printa ilianza kurasa nyingine arobaini. Kengele ikalia. Kazi ikainuka nusu, Beldina akainyooshea kidole, ikaketi. Ng'ambo ya ua kitu kikafoka.

Masinde aliletwa mkono umefungwa shuka, kutafuta sahihi ya meneja ili apelekwe hospitali.

"Mkubwa bado anachapisha," Beldina alisema. "Keti, baba."

Kazi ya valvu ilisogea, ikampisha kwenye mto, ikamwachia chai iliyobaki. Awinja akafungua ukurasa mpya wa daftari, akatazama saa ya ukutani, akaanza kumpimia Masinde muda wa kungoja.