Mama Mkwe Ndani ya Programu

Fundi cherehani wa jirani anasema eti mjomba wangu alimuuza mama mkwe wake kwa simu. Hakumuuza, mimi nilikuwepo. Nauza katika duka lake la vyombo, na duka lenyewe liko kwenye nyumba ya huyo mama mkwe, ambaye akinuna tu sote tuko nje.

Siku hiyo mjomba alikuwa akipiga picha kila bidhaa, ili programu mpya ya simu itunze hesabu ya mali. Mama mkwe alikuwa amesinzia katikati ya ndoo, na programu ikamwandika naye: bidhaa moja, ipo.

"Nitoe humo sasa hivi," alisema alipoamka na kuoneshwa.

Mjomba akabonyeza pa kuondolea. Programu ikataka sababu, nayo ilikuwa na sababu mbili tu: imeuzwa, au imeharibika. Kidole kikabaki hewani.

"Inasemaje? Miwani nimeacha ndani."

Mjomba akanitazama. Nikaokota sufuria safi nikaanza kuisugua.

"Mwache mtoto afanye kazi. Nisomee wewe, baba."