Majina ya Senge Lenah

Tangu daktari aniambie saratani imerudi, dunia ilikuwa imenisogea mbali kidogo. Niliona kila kitu na kusikia kila kitu, lakini kama mtu aliyelala mchana akaamka na hajui ni saa ngapi. Kitale asubuhi huwa na ukungu, hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba kwangu ukungu haukuondoka hata saa sita, jua likiwa limewaka na watu wa mtaa wa Kipsongo wakisukuma mikokoteni mbele ya kibanda changu. Nilikanyaga cherehani, suruali ya mtu ikafupishwa, na mimi nilikuwa nimeketi mahali pengine nikijitazama nikishona.

"Mama Kizito, imerudi," alisema daktari Jepkosgei, msichana wa umri wa kuwa binti yangu. "Safari hii iko kwa ini. Si mwisho, tuko na dawa. Jumanne ya wiki ijayo uje tuanze kemo."

Nikamwambia asante. Mimi ni mtu wa adabu hata nikiambiwa ninakufa. Lakini kabla sijafika kwenye geti la hospitali nilikuwa nimeshakata shauri. Siendi.

Si woga tu. Miaka mitatu iliyopita walitoa uvimbe chini kabisa kwenye utumbo, wakaziba njia ya nyuma, wakanitobolea njia mpya tumboni upande wa kushoto. Tangu hapo choo changu huingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Hilo nilizoea. Kilichonishinda ni kemo. Iliniibia vidole. Nikigusa maji baridi nilihisi miiba, na sindano nilikuwa naishika bila kujua nimeishika, mpaka nione damu kwenye kitambaa cha mteja. Vidole vilichukua mwaka mzima kurudi. Fundi asiyeihisi sindano yake ni fundi wa nini? Nikasema, acha nife nikiwa na mikono yangu.

Ile njia ya tumboni nilikuwa nimeipa jina, Mheshimiwa, kwa sababu huongea anapotaka, kwa muda anaotaka, na hakuna spika wa kumkalisha chini. Kanisani pasta akisema tuombe kimya, ndipo naye anaomba nafasi. Pale hapana msuli wa kumzuia. Jirani yangu Kadija, muuza vitenge, ndiye pekee niliyemfungulia moyo. Alikuwa ananiwekea vipande nishonee vifuniko vya mfuko, akisema Mheshimiwa naye avae.

Lakini mbele ya watu wa nyumbani kwa marehemu mume wangu, kule Matulo, sikuweza. Sisi Wabukusu hatukai matanga kwa mbali. Mnabanana chini ya turubai, bega kwa bega, siku mbili tatu, na choo ni kimoja nyuma ya migomba. Basi nikaacha kwenda. Shemeji yangu Mukhwana alipofariki nikatuma mchango na udhuru. Kijana wake Mukhisa alipotahiriwa nikatuma blanketi. Kila mara nilikuwa na presha, au mafua, au nguo za bibi harusi. Mwanangu Kizito alijua kuhusu mfuko na alikuwa akija Kitale kuniona. Hakujua kwamba ni huo ulionifungia ndani.

Halafu mke wake Joan akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Nikamwambia Kizito aje anichukue Jumamosi. Kuhusu ini sikumwambia neno. Nilitaka kumbeba yule mtoto mara moja, nimnuse kichwa, nirudi Kitale nikafe polepole bila mtu kunitazama.

Matulo ilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Mahindi yalikuwa yamefika urefu wa kumficha mtu, na vilima vya Chetambe vilikaa mbali, vya buluu, kana kwamba mtu angeweza kuvikunja na kuvitia mfukoni. Nyumbani kulikuwa na kilio cha mtoto.

"Mama, karibu," Joan alisema, macho yamevimba. "Hii mtoto inalia siku ya tatu sasa. Kliniki wamesema ako sawa, ananyonya, hana joto. Kizito anaenda kuleta Senge aite majina."

Kwetu mtoto akilia na hana ugonjwa, tunajua kuna marehemu anayelitaka jina lake lirudi. Basi mzee anayewajua wafu wa ukoo huwaita mmoja mmoja, na mtoto anaponyamaza, hapo ndipo jina lilipo. Mzee wetu wa kazi hiyo ni Senge Lenah; senge kwetu ni shangazi, na huyu ni wa mume wangu, anakaa Chwele. Macho yake yana mtoto wa jicho, lakini wafu anawaona vizuri.

Kizito akageuza gari kumfuata. Joan akaniletea chai na viazi vitamu. Siku ya safari mimi sili kitu, mfuko usijae njiani, kwa hivyo njaa ilikuwa inaniuma, na nilijua fika viazi na Mheshimiwa ni ndugu. Nikala vitatu. Halafu nikabeba mtoto. Alilia mikononi mwangu, mwekundu, ngumi zimekazwa. Nikamnusa kichwa. Nilidhani nitaridhika, lakini sikuridhika hata kidogo. Nikamrudisha kwa mama yake na kwenda kuketi kwenye kiti mwisho wa veranda, nikajifunika leso usoni kwa ajili ya nzi. Dawa za maumivu hunilevya, na jua lilikuwa la saa tisa.

Kwa mbali nikasikia gari, na fimbo ya Senge ikigonga sakafu, na wanawake wa jirani wakimwekea kiti. Nilitaka kuinuka nimsalimie. Mwili ulikataa.

"Kama ni wewe, Nasimiyu," Senge akaanza, sauti nyembamba, bila haraka, "uliyekufa ukijifungua, sema tukujue."

Nasimiyu akatoka kwenye mahindi. Sikushangaa. Majani hayakutikisika alipopita. Alikuwa amevaa gauni la mikono iliyovimba mabegani, mtindo wa zamani, na mimi nikawaza kwamba pindo lile limeshonwa kwa mkono, na limeshonwa vizuri. Alisimama akamsikiliza mtoto. Mtoto akaendelea kulia. Nasimiyu akainua mabega, akarudi.

"Kama ni wewe, Naliaka, uliyekuwa na mdomo."

Akaja Naliaka, mkono kiunoni, akicheka bila sauti. Mtoto hakumtaka. Akaja Nekesa, mama mkwe wangu, miguu imelowa kama alivyopenda kutoka mtoni. Alinitazama mimi, si mtoto, akanisogezea kichwa kidogo, salamu ya mtu anayekungoja umalize kazi mwende. Walikuwa wengi sasa pembeni mwa shamba, wanawake wa boma letu, wamevaa nguo zao nzuri, na hakuna aliyeonekana kuumwa popote. Ilikuwa mchana mtulivu mno.

"Kama ni wewe, Nakhungu," Senge akasema. "Nakhungu wa Kitale, yule wa cherehani, uliyekatwa tumbo ukaenda. Sema tukujue."

Nakhungu ni mimi. Agneta ni la ubatizo.

Mtoto akanyamaza.

Nikainuka. Ndani ya ndoto, nasema, niliinuka. Tumbo langu lilikuwa laini, halina tundu wala mfuko, na Nekesa alikuwa amenishikia majani ya mahindi yasinikate uso. Niseme ukweli, nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka, na kule hakukuwa na Jumanne.

Basi katika kimya kile, kimya cha watu wasiothubutu kupumua, Mheshimiwa akasimama akahutubia. Viazi vitatu vyote. Hotuba ilianza chini, ikapanda, ikatua, ikapata la kuongeza.

Nikafungua macho chini ya leso. Kinyesi kilikuwa cha moto kwenye mfuko, mgongo unaniuma, nzi amekaa mguuni.

"Nani huyo?" Senge akauliza.

Nikaivua leso. Joan na wanawake watatu wa jirani walikuwa wananitazama mdomo wazi. Wao walijua niko pale; ni Senge tu aliyekuwa hajui, maana Kizito hakunitaja njiani. Aibu niliyoikimbia miaka mitatu ilikuwa imenikuta nyumbani kwetu, mchana kweupe, lakini hasira ilinifikia kabla yake.

"Ni mimi, Senge! Nakhungu! Nani alikwambia nimekufa?"

Mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. "Uui! Hakuna mtu aliniambia."

"Sasa umetoa wapi?"

"Wewe nilikuona wapi? Mukhwana tumemzika, hukuja. Kijana yake imeingia tohara, hukuja. Mtu hai anakosaje matanga ya shemeji yake? Nikasema, Nakhungu alikufa kwa kisu ya daktari, hawa watoto wananificha juu ya presha yangu. Si ndivyo wanafanyanga? Nikanyamaza nao. Nikakulilia peke yangu kwa jikoni, wakiuliza nasema ni moshi. Nikanyoa kichwa, nikawaambia ni chawa."

Mtu alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili yangu, na mimi niko Kitale nashonea mfuko vifuniko. Nililia pale pale kwenye kiti, kwa sauti, kama mtoto.

Jirani mmoja akanong'ona, lakini tulimsikia, "Lakini mtoto imenyamaza. Imechukua jina." Uso wa Joan ukabadilika. Wote walijua maana yake. Jina la mtu aliye hai halichukuliwi hivyo. Likichukuliwa, mwenyewe anafungasha.

Ndipo nikajua kwamba sitaki kufungasha. Sikuwa najua hilo asubuhi. Nikasimama, mfuko umejaa, nikamchukua mtoto kifuani mwa mama yake, nikamtazama machoni.

"Sikiliza, mama yangu. Jina hilo bado nalitumia. Nyinyi, mtafutieni lingine."

Mtoto akakunja uso, akapasua kilio kilichowafikia watu wa Webuye. Kamwe sijasikia kelele tamu kama ile.

"Haya," Senge akasema. "Amelirudisha."

Wanawake wakacheka cheko la watu walioponea chupuchupu. Kizito hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya gari, funguo mkononi, ananitazama jinsi alivyomtazama baba yake alipokuwa mgonjwa.

"Mama, kuna kitu hujaniambia."

Nikamwambia mbele ya wote. Nilikuwa nimechoka kuficha vitu. "Imerudi, Kizito. Iko kwa ini. Jumanne wananitaka nianze kemo. Mimi nilikuja kuwaaga bila kuwaambia nawaaga."

Aliketi chini kwenye mchanga na suruali yake nzuri. "Si ungesema, mama," alisema. "Si ungesema tu." Kisha akafunika uso kwa mikono.

Senge akapapasa hewa mpaka akanipata. Mkono wake ulishuka kwenye gauni, ukatua pale pale palipo na mfuko, na mimi, niliyemkwepa kila mtu kwa miaka mitatu, nikasimama nimekakamaa.

"Hapa ndipo walikata?"

"Hapo, Senge. Choo inatokea hapo. Ndiye mumesikia akiongea."

"Iko moto," alisema, na hakuondoa mkono. "Na hiyo ndiyo ulikuwa unatuficha?"

"Inapiga kelele mbele za watu."

"Kwa matanga watu wanalia, disko inapigwa, ng'ombe nayo inalia. Tumbo yako nani ataisikia, bana?" Akasonya. "Haya. Nakutoa kwa majina ya wafu. Lakini mimi sina macho ya kukutafuta Kitale. Uje mwenyewe. Mtu akizaliwa uje, mtu akifa uje. Ukikosa tena nakurudisha, na sitakulilia mara ya pili."

Nikafikiria vidole. Nilijua vitakufa tena ganzi, na pengine safari hii visirudi, na ini nalo lifanye litakalo. Hakuna aliyeniahidi kitu, si Jepkosgei, si Senge. Lakini ukungu ulikuwa umeondoka, na niliona kila kitu kilivyo, karibu, na ncha zake.

"Naogopa, Senge."

"Ogopa," alisema. "Uje ukiogopa."

Nikaenda nyuma ya migomba kubadilisha mfuko, na mlango sikuubana sana. Niliporudi, mzee alikuwa ameshaanza tena kuita, na mtoto analia. Nikapiga magoti mbele ya Kizito, nikamtoa mikono usoni, nikamwambia, "Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."