Hatua Zimechukuliwa

Karani Warfa alikuwa kwenye barua ya kumi na tisa. Aliisoma mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, kisha akaandika pembeni kwa wino wa buluu, "Hatua zimechukuliwa," akaigonga muhuri na kuiweka juu ya zile kumi na nane. Kitu kwenye mshipi wake kililia tik tik tik kwa muda, kikanyamaza.

Kilikuwa kifaa cha kuhesabu hatua, cha mviringo, mfano wa saa ya mfukoni. Mpima ardhi mmoja alikiacha Garissa alipohamishwa vita vilipoanza, na Bonaya, dresa wa zahanati, alimpa Warfa baada ya kumpima mgongo na moyo.

"Huumwi," Bonaya alimwambia. "Umekaa tu. Ukiendelea hivi tutakuzika na kiti."

Akamwagiza afikishe hatua elfu sita kwa siku.

Siku ya kwanza Warfa alipata mia mbili na kumi, zikiwamo za kwenda chooni mara mbili, mara ya pili bila haja. Siku ya pili alizunguka meza hadi askari wa lango akamwuliza amepoteza nini.

"Bado sijapoteza," Warfa alisema. "Natafuta pa kuangushia hiki kitambi."

Siku ya tatu kazi ilikuwa nyingi, hakuinuka kabisa, na kifaa kikasoma elfu sita na mia nne.

Warfa alilichunguza jambo hilo kwa subira. Aligundua kuwa kila alipoandika yale maneno mawili, mshale ulisogea. Barua ya mtu aliyeomba kwenda karibu iliusogeza kidogo. Ya mtu aliyeomba kwenda mbali iliusogeza sana. Alichungulia chini ya meza. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, na mwiba wa mgunga ulikuwa umechoma soli ya kushoto. Akautoa, akaandika tarehe. Kufikia mwisho wa wiki mshipi ulikuwa umeingia matundu mawili.

"Unaona?" Bonaya alimsifu. "Mtu akijitahidi."

Warfa aliona haya kidogo, lakini sifa alizipokea.

Ulikuwa mwaka wa 1967. Watu wa malishoni walikuwa wamekusanywa ndani ya vijiji vyenye uzio wa waya na miiba, wasije wakawalisha shifta, waasi waliopigana na serikali, na hakuna aliyetoka bila pasi. Pasi zilitiwa sahihi na ofisa ambaye alikuja barabara ilipokuwa salama, na wiki hizo haikuwa. Ofisi ya Warfa ilikuwa chumba cha bati langoni. Mlango wake ulitazama nje ya uzio, dirisha lake lilitazama ndani.

Dirishani hapo, kila siku, alisimama Rahmo, dada wa marehemu baba yake. Waliitana eddo, kwa desturi kwamba shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa neno lile lile analoitwa yeye. Rahmo alibakiwa na ngamia mmoja, jike mwenye mimba pevu, aliyezuiwa katika boma la mifugo, hatua elfu tatu nje ya lango. Bomani hapakuwa na maji. Aliomba pasi ya asubuhi moja tu, ampelekee.

"Eddo, barua yangu inasemaje leo?"

"Inasema hatua zimechukuliwa, eddo."

"Zimechukuliwa na nani?"

Warfa alifikiri. Lilikuwa swali la haki, na katika miaka mitano ya kazi hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Na mimi," alisema, akamwonyesha kifaa.

Rahmo alikitazama kama mtu aliyemwona mbuzi wake katika zizi la jirani.

"Ndiyo maana unakonda. Mimi miguu inaota mizizi hapa, wewe unazunguka na hatua zangu. Zirudishe."

Warfa alikivua kifaa, akampa kupitia dirishani. Mshale ulirudi kwenye sifuri papo hapo. Rahmo alikitikisa, akakipuliza, akakirudisha.

"Basi nenda wewe. Wewe hakuna anayekuuliza pasi."

"Nitakwenda jioni, eddo, nikimaliza barua."

Lakini jioni ilipofika miguu yake ilikuwa imechoka kweli, kwa kuwa ilikuwa imetembea mchana kutwa. Alimweleza hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Alikiri kuwa hata yeye, angeelezwa hivyo na mtu mwingine, angemcheka.

"Bomani kwako nimefika mara tano wiki hii," alisema.

"Na maji?"

"Maji sijui huwa yanabaki wapi."

Rahmo alileta debe la maji. Warfa alilipokea dirishani, akalifunga kwa kamba kwenye mguu wa kiti, akaandika. Viatu vilipata vumbi. Debe lilibaki limejaa. Akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi, ili kuhakikisha, na matokeo yakawa yale yale.

Siku ya kumi na moja, barua ya Rahmo ilipoandikwa tena yale maneno, viatu vilirudi na damu na utelezi, vikinuka maziwa ya kwanza. Warfa alivua kimoja akakiweka dirishani. Rahmo alikinusa.

"Amezaa," alisema. "Dume au jike?"

Warfa alikigeuza kiatu pande zote.

"Hakisemi, eddo."

"Na atanyonyesha nini, siku zote hizo bila maji?"

Warfa alivuta droo. Alichokuwa nacho ni fomu. Ndama hakuwamo katika barua ya kwanza, kwa hiyo alihitaji ombi lake mwenyewe. Akachukua karatasi mpya, akajaza jina la mwenye mnyama, akajaza idadi, moja.

"Jinsia?" aliuliza. "Na rangi?"

"Niache nikaangalie."

"Kwa hilo itabidi uwe na pasi."

Kengele ya saa kumi ililia. Warfa aliacha nafasi mbili wazi, akaweka jiwe juu ya karatasi isipeperuke.

"Kesho, eddo," alisema.

"Kesho, eddo," alisema Rahmo.