Dishi Lililotazama Grinhausi

Jumatano moja ya mwezi wa tano, saa saba kasoro dakika tano mchana, Sitati alikuwa juu ya mabati ya nyumba yake ya chumba kimoja pale Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, spana namba kumi na tatu mkononi na nyingine ndogo ameiuma kwa meno. Chini yake, ndani ya chumba, mkewe Nabalayo alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni akiangalia ile mistari miwili ya mawimbi inayopanda na kushuka. Mlangoni, jirani yao Achola, aliyekuwa ametoka zamu ya alfajiri kwenye maua, alikuwa akifua nguo za watu kwenye beseni. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali na sauti ya Nabalayo haikufika juu, basi Achola akawa anaipokea na kuipandisha.

"Bado!" alipaza Achola.

Sitati akasukuma dishi kidogo kushoto.

"Bado! Rudisha!"

Akarudisha.

"Anasema strength iko lakini quality hakuna kitu. Baba Joan, si ungeita tu fundi?"

"Fundi wa nini?" Sitati akatoa spana mdomoni. "Kwani hii ni kung'oa jino?"

Dishi hilo lilikuwa la Joan, mtoto wao wa pekee. Alilinunua Januari, akalileta kwa bodaboda likiwa ndani ya katoni, akasema wataliweka siku atakayopewa ofu, apumzike kazi. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kukata maua ya kampuni anajua kwamba kuelekea Valentine hakuna ofu. Februari Joan akafa, na katoni ikakaa chini ya kitanda miezi mitatu. Karatasi ya kampuni ilisema alianguka nje ya geti, baada ya kazi, kwa ugonjwa wake mwenyewe. Joan hakuwa na ugonjwa wowote. Sitati alibaki na haja moja tu duniani: ile karatasi iandikwe upya, iseme ukweli kuhusu mahali mtoto wake alipofia. Alikuwa ameenda kwa ofisi za kampuni mara saba, na mara saba akaambiwa arudi wiki ijayo. Nabalayo ndiye aliyesema watoe dishi, maana nyumba ilikuwa kimya hadi mtu anasikia mwenzake akimeza mate.

Dishi zote za Karagita zinaangalia jua linakotokea. Hata mtoto wa nasari anajua. Sitati naye alianza upande huo, simu yenye dira mkononi, akahangaika saa mbili nzima bila kupata hata kikohozi. Mwishowe hasira zikampanda. Akalegeza nati zote, akalizungusha dishi lote nyuma, likaangalia chini, kule ziwani kwenye grinhausi, zile nyumba za plastiki zilizopangwa hadi macho yanachoka. Upande huo hakuna setilaiti ya mtu yeyote. Kila fundi atakwambia hivyo.

"Imeshika!" akasema Achola.

"Ni habari ama ni mpira?"

Achola akaingiza kichwa ndani, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Akatoka.

"Ni Joan."

"Joan yupi?"

"Joan wenu. Yuko kazini, anakata maua."

Sitati akafikiri. "Basi nifunge nati?"

"Funga."

Akafunga, akaachia chuma cha mbele cha dishi ili ashuke akaone. Televisheni ikajaa chenga. Akashika tena kile chuma, Joan akarudi.

"Baba Joan, usiachie!" Hiyo ilikuwa sauti ya Nabalayo mwenyewe, na safari hii ilifika juu bila kusaidiwa na mtu.

Sitati akasimama pale ameshika hadi saa tisa kasoro dakika ishirini. Jua lilimchoma kisogo, mkono ukafa ganzi. Kisha Nabalayo akatoka, akainua uso, akamweleza mambo yote kwa mpango, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Saa saba, Peterson supavaiza aliondoa ile bendera nyekundu mlangoni, ile inayosema dawa ya wadudu bado ni mbichi na mtu asiingie. Aliingiza wasichana kumi na wawili. Akafunga kufuli kwa nje, ili asitoke mtu kwenda msalani kabla ndoo hazijajaa. Saa nane na nusu Joan alianza kukohoa. Alienda mlangoni, akabisha, akarudi kazini, akaenda tena, akabisha. Halafu akaanguka kwenye mstari wa tisa. Peterson alifungua, akaita mwanamume mmoja, wakamlaza kwenye toroli ya maua, wakamsukuma hadi nje ya geti na kumweka kwenye nyasi.

"Wakamfunga vifungo vya koti la kazi," Nabalayo akasema. "Vyote. Vizuri kabisa."

"Alifia ndani."

"Ndani."

"Na Peterson?"

"Ndiye aliyeshika miguu."

Sitati akashuka kwenye ngazi polepole. Akauliza kama kuna chai.

Kesho yake saa saba akapanda tena, na kipindi kikawa kilekile. Kesho kutwa vilevile. Habari ikaenea ploti hadi ploti, kila ua wa nyumba za kupanga, na watu wakaja na vigoda vyao. Watu wa Karagita hawana muda wa kushangaa. Zamu inaanza alfajiri na kodi ya nyumba haingoji mtu amalize kushangaa. Walikaa, wakaangalia, wakasema, "Aki huyu msichana alikuwa na mikono myepesi," wakampa Nabalayo pole, wakarudi kwao. Mmoja aliuliza kama dishi hilo haliwezi kushika ligi ya Uingereza. Akafukuzwa na Achola kwa kitambaa kibichi.

Kitu kimoja tu kilimuuma Sitati, nacho kilimuuma sana. Picha ilikubali mkono wake peke yake. Nabalayo alipanda akashika, zikaja chenga. Achola naye akashika, zikaja chenga. Sitati akajifunga waya kutoka kwenye dishi hadi kwenye kifundo cha mkono, akaanza kushuka, na alipofika kipago cha tatu Joan akapotea. Wakajaribu kioo, Achola akakishikilia dirishani ili mzee aone akiwa juu; ndani ya kioo mlikuwa na kitanda, pazia, na televisheni iliyojaa chenga. Wakarekodi kwa simu. Simu ikarekodi chenga saa moja na dakika arobaini, na sauti ya Achola akipiga chafya. Kwa hiyo aliyeleta picha ndiye mtu pekee katika ploti nzima ambaye hakuiona. Sitati aliliapiza dishi hilo kwa Kibukusu wiki moja, maneno ambayo hayaandikiki, halafu akazoea.

Mwezi wa saba akaja afisa kutoka ofisi ya serikali ya kazi mjini, baada ya Nabalayo kwenda huko na kukaa kwenye benchi siku nne mfululizo. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa, akaweka fomu juu ya goti. Peterson naye alikuja siku hiyo, kwa sababu alikaa ploti ya tatu tu kutoka hapo, na kwa sababu alikuwa amesikia kwamba yeye mwenyewe yuko kwa TV. Akapewa kigoda. Akapewa chai pia, maana Nabalayo hakulelewa kumnyima mgeni chai.

"Hii ni stesheni gani?" afisa akauliza.

"Haijajiandika," Nabalayo akajibu.

Afisa akaacha hapo kwenye fomu wazi. Aliangalia hadi mwisho. Joan alipoanguka, alitoa leso akapangusa macho, na hakujificha. Kisha akamgeukia Peterson.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi," Peterson akasema. "Hiyo siku nilikuwa na homa, ndiyo unaona nimevaa sweta."

"Uko tayari kuandika statement?"

Peterson akaangalia ndani ya kikombe. "Bosi, mimi pia ni mtu wa kandarasi. Nina watoto wanne."

Afisa akamgeukia Achola, ambaye kila mtu alijua alikuwa grinhausi hiyohiyo Februari, mstari wa kumi na moja, na anaonekana kwenye picha amejifunga kitambaa cha manjano.

"Mimi nilikuwa nafua," Achola akasema, akaangalia sakafu.

Basi afisa akatoka nje, akasimama chini ya ngazi, akaangalia juu. Mlalamishi kwenye fomu alikuwa baba.

"Mzee, wewe umeona nini kwa macho yako?"

"Sijaona kitu," Sitati akasema. "Mimi hushika."

"Mzee wangu, fikiria vizuri." Afisa akashusha sauti, kama anayemwomba. "Hata kidogo? Hata siku moja?"

Sitati angeweza kudanganya. Alijua hivyo, na afisa alijua, na hata Peterson mlangoni alijua, akaacha kunywa. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limemkaa moyoni muda mrefu mno, na lilipopata nafasi likatoka jinsi lilivyo.

"Mimi sijamwona mtoto wangu tangu asubuhi ile alipotoka hapa."

Afisa akaandika.

"Mke wangu ameona yote," Sitati akasema. "Mwandike yeye."

"Mama hayuko kwa fomu."

"Si umpe fomu yake."

"Fomu ni moja kwa kifo kimoja, mzee." Akavaa viatu, akamshika Nabalayo mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Barua ikaja mwezi wa nane. Ilisema kwamba kwa kuwa mlalamishi amekiri hakuona chochote, marehemu ataendelea kuwa alianguka nje ya geti. Nabalayo aliisoma mara mbili kwa sauti. Sitati akaiomba, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na ile karatasi ya kampuni. Siku hiyo hawakula.

Lakini saa saba ilipofika akapanda. Atafanya nini kingine? Huko chini saa saba imefika na Joan anaingia kazini, na kama baba yake hajashika, anaingia peke yake. Sitati alilieleza hilo kwa Achola siku moja, na Achola akalia juu ya nguo za watu, akaomba msamaha, akasamehewa. Kandarasi yake ilikuwa imeongezwa miezi sita.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua ndogo zimeanza, ndipo mkono wa Sitati ulipokakamaa kabla ya wakati. Msuli ulimvuta kutoka begani hadi kidoleni, akaachia bila kupenda. Akangoja akemewe. Badala yake Nabalayo akatoka taratibu, akasimama kwenye matope pekupeku.

"Samahani," Sitati akasema. "Mkono umeniruka."

"Umeachia kabla hajaanza kukohoa."

"Samahani, Mama Joan."

"Sikiza." Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Ameinama kuchukua ndoo, na picha ikakatika. Hajakohoa. Amebaki tu ameinama, mzima."

Wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini.

"Kesho nikikwambia achia, uachie," Nabalayo akasema.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Kila siku saa saba Sitati anapanda, anashika, Joan anaingia na wenzake. Peterson anafunga kufuli. Nabalayo anaangalia kwa muda wa saa moja na nusu kasoro dakika moja, mikono magotini, kisha anaita, "Achia!" na Sitati anaachia, na chenga zinajaa. Majirani walipunguka, maana kipindi kisicho na mwisho hakina watazamaji. Kule kwenye grinhausi zenyewe zamu ziliendelea. Peterson alipandishwa cheo, sasa anabeba funguo za nyumba nne. Februari nyingine ilipofika, kampuni ilibandika karatasi ya kutafuta wasichana wepesi wa mikono, na foleni ilianza kujipanga kabla ya jua, na hadi saa saba ilikuwa haijaisha. Sitati akiwa juu ya mabati aliona ile foleni yote hadi kwenye barabara ya mbele ya ploti. Baadhi yao aliwajua kwa majina. Aliwaita, akawaambia wasiingie, na wao wakampungia mkono kwa heshima, wakasogea mbele.

Siku hiyo alishuka amechoka kuliko kawaida. Nabalayo alikuwa ameandaa ugali na mboga ya mrenda. Wakanawa, wakaomba, wakaanza kula.

"Leo alikuwa aje?" Sitati akauliza. Huuliza kila siku, na kila siku hujibiwa, ingawa siku wanayoizungumzia ni moja tu.

"Mzima. Walikuwa wanacheka na yule msichana wa ndoo. Ameangusha makasi, akaokota." Nabalayo akamega ugali, akaufinyanga vidoleni bila kuupeleka mdomoni. "Leo ameangalia huku."

Sitati alijua kile kipindi kwa kusimuliwa, dakika kwa dakika. Hakikuwa na mahali ambapo Joan aliangalia huku. Akaweka tonge lake kwenye sahani.

"Amesema kitu?"

"Ameuliza baba yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia uko juu, umemshikia."

Sitati akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Mkono wa kulia ulikuwa bado na ganzi, kwa hiyo akachukua tonge kwa wa kushoto.

"Hata kesho umwambie," akasema.