Samaki wa Mwalimu Minegishi

Miaka kumi na tisa, katika maabara ya chuo, niliwalisha medaka wa Mwalimu Minegishi, wale visamaki wa mashamba ya mpunga. Alitaka kujua kwa nini ndugu wa tumbo moja, chakula kimoja, maji yaleyale, mmoja azeeke upesi na mwenzake achelewe. Ukoo ulikuwa mmoja tu, haujachanganywa na samaki wa nje, ukikatika, umekatika. Ilibaki miaka miwili apate jibu.

Pesa za serikali ni za miaka mitatu, zikiisha unaomba upya, na kwenye fomu kuna mahali pa kueleza utafiti utawafaa nini wananchi. Mwalimu akaandika: Sijui bado.

"Sijui bado?" nikamaka. "Mwalimu, wewe mzima kweli? Andika dawa ya uzee! Wale wazee wa kamati kule Tokyo wataipenda, magoti yao yenyewe yameshachoka!"

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Bi Tokue, nikidanganya kwenye fomu leo, kesho nitadanganya kwenye daftari la samaki."

"Haya, kaa na ukweli wako. Tutaula huo."

Tukanyimwa. Mwaka uliofuata akaomba tena, tukanyimwa tena. Mwaka huohuo jengo la jirani likapata mashine mpya, utepe ukakatwa, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine huku roho inaniuma. Ilipofika Machi chuo kikataka chumba chetu kiwe wazi.

"Nipe samaki niwapeleke kwangu," nikamwambia Mwalimu. "Nitawaweka bafuni. Mume wangu ataoga bafu la mtaa, hatakufa."

"Sheria hairuhusu mnyama wa utafiti kutoka nje ya jengo."

"Sheria, sheria! Na kuwaua inaruhusu?"

"Inaruhusu," akasema, hakunitazama.

Tukawatilia dawa ya usingizi majini, tangi moja baada ya jingine. Waliponiona walipanda juu wote, wakidhani nimeleta chakula. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Kila vuli chuo chetu hukusanyika mbele ya jiwe la kumbukumbu nyuma ya maabara, kuwashukuru wanyama waliokufa kwa ajili ya elimu. Mwaka huo mkuu wa kitivo alisoma orodha: panya, sungura, kisha medaka mia tatu arobaini na saba, "tunaowashukuru kwa mchango wao mkubwa." Mchango gani, jamani? Nilitaka kupiga kelele.

Mwalimu akaitwa kuweka ua. Akainama, akakaa vile muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Nisameheni," akaliambia jiwe. "Nimewaua bure."

Mkuu wa kitivo akampigapiga mgongoni, akamwambia amesema vizuri sana, maneno ya unyenyekevu, na mwakani angependa ayarudie mbele ya wanafunzi.